Umekesha kazini, programu inasema una deni

Tuseme ndio umeanza kujifunza Python, na jamaa yako anayelinda geti usiku anakuomba umtengenezee programu ya kuhesabu saa zake. Jana aliingia saa nne kasorobo usiku, akatoka saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Hulipwa Sh120 kwa saa. Rahisi, sivyo?

Unachukua 6.10, unatoa 21.45. Jibu: -15.35. Yaani mtu amekesha kwenye baridi, halafu programu yako inasema yeye ndiye anayedaiwa!

Makosa ni mawili. La kwanza ni hiyo nukta. Saa moja ina dakika 60, si 100. Ukitoa 8.15 kwenye 10.05 unapata 1.90, ilhali muda halisi ni saa 1 na dakika 50. Basi kabla ya kutoa chochote, geuza kila kitu kiwe dakika: zidisha saa kwa 60, kisha jumlisha dakika zilizobaki.

Hivyo 21:45 inakuwa 1305, na 6:10 inakuwa 370. Toa sasa: -935. Bado deni! Hapo ndipo kosa la pili lilipo. Saa ya kompyuta huanza upya katikati ya usiku, na zamu ya jamaa yako imevuka hapo. Siku nzima ina dakika 1440, kwa hivyo jibu likiwa chini ya sufuri, ongeza 1440. Unapata 505, yaani saa 8 na dakika 25. Kwa Sh2 kila dakika, anadai Sh1,010.

Andika hivi:

mwanzo = 21 * 60 + 45
mwisho = 6 * 60 + 10
muda = (mwisho - mwanzo) % 1440
print(muda // 60, muda % 60)

Alama ya % hutoa baki, na katika Python inakuondolea ile hasi yenyewe. Ukihamia Java au JavaScript, hasi itabaki, kwa hivyo jumlisha 1440 kwanza.

Sasa cheki hii. Tumia saa ya nyanyako: kutoka 3:45 hadi 12:10 ni saa 8 na dakika 25, bila kuongeza kitu! Kwa Kiswahili, katikati ya usiku ni saa sita tu. Hesabu huanza upya baada ya saa kumi na mbili. Angetoka saa moja asubuhi, hasi ingerudi. Kila saa ina mahali inapoanza upya. Jiulize kama zamu imepavuka.

Kabla hujamkabidhi jamaa programu yake, ijaribu kwa zamu ya mchana, ya usiku, na inayoanza na kuisha saa ile ile. Hiyo ya mwisho itakupa sufuri. Je, hakufanya kazi kabisa, ama alifanya siku nzima? Saa peke yake haiwezi kukujibu. Hapo muulize tarehe, la sivyo utamnyima jasho lake.