Usiache ngano kabla ya kupimwa siliaki

KUNA wagonjwa ambao hufika kwa daktari wakiwa wameshajitibu. Baada ya kusumbuliwa na tumbo kwa miezi mingi, mtu husikia kwamba huenda ngano ndiyo chanzo cha masaibu yake. Huacha chapati, mandazi na mkate, na baada ya wiki chache hupata nafuu. Ndipo anapokwenda kupimwa, na majibu yanarudi yakionyesha kuwa hana ugonjwa. Yamkini mitambo ya maabara haikukosea hata kidogo. Tatizo ni kwamba vipimo vilifanywa wakati usiofaa.

Ugonjwa unaozungumziwa hapa ni siliaki. Hauambukizi, wala si sawa na mzio wa kawaida wa chakula. Ni hali ambapo kinga ya mwili, inapokutana na gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, hugeuka na kuushambulia utumbo mdogo wa mwenyewe. Ukuta wa ndani wa utumbo huo umejaa vijinyweleo vidogo mno, mithili ya nyuzi za zulia, ambavyo hufyonza virutubishi kutoka kwa chakula. Vinaposhambuliwa hufupika na hatimaye kutoweka. Mgonjwa hula akashiba, lakini mwili haunufaiki.

Baadhi ya dalili ni kuhara, tumbo kujaa gesi, kupungua uzani na, kwa watoto, kudumaa. Hata hivyo, wapo wasiolalamikia tumbo kabisa. Mathalan, mtu anaweza kuwa na upungufu wa damu usioisha hata baada ya kumeza tembe za madini ya chuma, au mifupa ikadhoofika mapema. Dalili hizi hufanana na za maradhi mengine mengi, na kwa sababu hiyo daktari hawezi kuzitegemea pekee.

Kwa muda mrefu siliaki ilidhaniwa kuwa ugonjwa wa Wazungu. Dhana hiyo ilitikiswa mnamo 1999, pale jarida la kitabibu la The Lancet lilipochapisha utafiti uliofanywa miongoni mwa watoto wa jamii ya Wasahrawi wa Afrika Kaskazini. Zaidi ya watoto watano katika kila 100 waligunduliwa kuwa na ugonjwa huo, ilhali kote duniani hukadiriwa kuwa mtu mmoja hivi katika kila 100.

Uchunguzi huanza kwa damu. Katika fomu ya maabara kipimo hiki huandikwa tTG-IgA. Kinachotafutwa ni kingamwili, yaani chembechembe za kinga ambazo mwili wa mgonjwa wa siliaki hutengeneza dhidi ya kimeng'enya chake wenyewe. Kiwango kikiwa juu, shaka ya siliaki huwa kubwa.

Lakini kuna mtego. IgA ni aina moja tu ya kingamwili, na wapo watu ambao miili yao haiitengenezi ya kutosha. Upungufu huo huonekana kwa wagonjwa wawili au watatu katika kila 100 walio na siliaki. Kwa watu hao, kipimo cha tTG-IgA kinaweza kuonyesha kuwa wako salama ilhali utumbo unazidi kuharibika. Ndiyo maana ni muhimu kiwango cha jumla cha IgA kipimwe pia. Kikipatikana kuwa chini mno, daktari hutumia vipimo vya kingamwili za aina ya IgG.

Hatua ya pili, hasa kwa watu wazima, ni biopsi. Daktari hupitisha mrija mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mdogo, kisha akachukua vipande vidogo vya nyama ya ukuta wake. Kipande kimoja hakitoshi, kwani uharibifu huweza kuwa mahali pamoja na kukosekana pengine. Inapendekezwa vichukuliwe angalau vinne, pamoja na kimoja au viwili kutoka sehemu ya juu kabisa ya utumbo huo. Vipande hivyo huchunguzwa kwa hadubini ili kuona iwapo vijinyweleo vimefupika.

Hata biopsi haijitoshelezi. Vijinyweleo vinaweza kuharibiwa na vimelea vya giadia, vinavyoenezwa kwa maji machafu, au na baadhi ya dawa. Kwa hivyo, majibu ya damu na ya biopsi husomwa pamoja. Kwa watoto, mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2020 unaruhusu biopsi iachwe iwapo tTG-IgA imezidi mara 10 ya kiwango cha juu cha kawaida, na kipimo kingine cha kingamwili, kilichofanywa kwa damu iliyotolewa mara ya pili, kikathibitisha.

Kipimo cha tatu ni cha jeni, ziitwazo DQ2 na DQ8. Karibu wagonjwa wote wa siliaki wana mojawapo. Hata hivyo, watu wengi wasio na ugonjwa huu wanazo pia. Kwa hivyo asiye nazo anaweza kuondolewa shaka, lakini kuwa nazo hakuthibitishi lolote.

Sasa tatizo la aliyeacha ngano linaeleweka. Daktari wa watoto Mholanzi, Willem-Karel Dicke, alieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1950 jinsi watoto wenye siliaki walivyopata nafuu walipoondolewa ngano. Nafuu hiyo ndiyo huvuruga vipimo. Gluteni ikikosekana, kingamwili hupungua katika damu na vijinyweleo huanza kumea tena. Mwongozo wa Uingereza unataka anayepimwa awe amekula vyakula vyenye gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa muda usiopungua wiki sita. Aliyekwisha kuacha asijirudishie mwenyewe, bali ashauriane na daktari. Kipimo cha jeni hakiathiriwi na chakula, hivyo kinaweza kutangulia.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa kuacha ngano kumeleta nafuu, vipimo vya nini? Kwanza, siliaki haina dawa ya kuiponya. Tiba yake ni kuepuka gluteni maisha yote, na si rahisi mtu kutii sharti la aina hiyo kwa kubahatisha. Pili, nafuu inaweza kuficha ugonjwa mwingine unaohitaji matibabu tofauti. Tatu, jamaa wa karibu wa mgonjwa, yaani wazazi, ndugu na watoto wake, wanakabiliwa na hatari kubwa zaidi na wanafaa kupimwa. Vivyo hivyo kwa walio na kisukari cha aina ya kwanza.

Kwa atakayethibitishwa kuwa na siliaki, vyakula vyetu vingi ni salama: ugali wa mahindi, wali, viazi, mihogo, ndizi, maharagwe, wimbi na mtama. Tahadhari ni kwa unga uliosagwa katika mashine iliyosaga ngano, unga wa uji wenye mchanganyiko wa nafaka, na bia ya shayiri. Baada ya miezi kadhaa damu hupimwa tena ili kuhakikisha kuwa kingamwili zinashuka.

Haraka haraka haina baraka. Anayeshuku kwamba ngano inamdhuru aendelee kula kama kawaida, amwone daktari, atoe damu kwanza, kisha aache chapati akiwa na sababu iliyothibitishwa.