Tundu la keekee lilivyozua mzozo wa ushuru wa mbao

Je, ubao wa msonobari uliotobolewa tundu moja kwa keekee ungali ubao, au tayari ni kifaa cha ujenzi? Swali hilo lasikika kama mzaha wa maseremala, lakini liliwahi kuzigonganisha Marekani na Canada.

Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao pia ndio msingi wa ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mbao zimo katika Sura ya 44. Gogo ghafi ni la kifungu cha 4403. Likipasuliwa kwa urefu kuwa mbao zenye unene unaozidi milimita 6, hizo ni za 4407, na kuzipiga randa au msasa hakuzitoi humo. Mbao zilizochongwa ulimi au mfuo huingia 4409, ilhali vifaa vya useremala wa majengo ni vya 4418.

Mnamo 1996 nchi hizo zilifanya mkataba wa miaka mitano. Majimbo manne ya Canada, yaani British Columbia, Alberta, Ontario na Quebec, yaliruhusiwa kuuza Marekani futi-ubao bilioni 14.7 kwa mwaka bila ada. (Futi-ubao ni ubao wa futi moja mraba wenye unene wa inchi moja.) Ziada ililipiwa dola 50 kwa kila futi-ubao 1,000, kisha dola 100.

Mkataba huo ulizitambua mbao kwa namba za 4407 na 4409, 4418 haikuwamo. Basi mbao za kusimamishia kuta zikaanza kuvuka mpaka zikiwa na matundu ya kupitishia nyaya za umeme. Mwaka 1997, forodha ya Marekani ilikubali kuwa hizo ni za 4418. Mwaka uliofuata ikabatilisha uamuzi wake na kuzirudisha 4407. Kwa kweli kila upande ulikuwa na hoja: matundu hayo fundi wa umeme angeyatoboa vivyo hivyo, lakini ubao nao haukuacha kuwa ubao.

Mkataba ulikwisha 2001. Marekani ilipoweka ushuru maalumu mnamo 2002, amri yake ilisema wazi kwamba namba za forodha ni za kurahisisha kazi tu. Kinachotawala ni maelezo ya bidhaa yenyewe. Mbao zilizotobolewa na zilizotiwa pengo zikatajwa humo waziwazi.