Shilingi ya Waziri

Ilikuwa mwezi wa Mei, majira ambayo mtama na uwele wa Ugogo umekwisha kukauka mashambani na Bunge limo katika vikao vyake vya bajeti, nilipopita kwa mzee mmoja kule Bahi, nikamwamkia kwa lugha yao, "Mbukwenyi," naye akanikaribisha kigodani pembeni mwa redio yake. Mbunge mmoja alikuwa akinena kwa hamasa kwamba asipopata majibu ya kutosheleza atashika shilingi. Mzee akanigeukia: "Mwanangu, wewe umesoma. Huyu bwana anashika shilingi ya nani? Na sisi tunaolilia kisima, shilingi moja itatufaa nini?"

Siku ile sikumjibu kwa ukamilifu, na swali lake limekaa nami tangu hapo, kwani naliona kuwa ni swali la watu wengi, wakiwamo wakazi wa jiji la Dodoma wapitao kila uchao mbele ya uzio wa Bunge, wakaona bendera na magari, lakini yasemwayo ndani yakawa kwao kama mazungumzo ya watu wa ng'ambo. Nami husikitika, maadam maneno hayo karibu yote ni yetu wenyewe. Muswada ni neno tulilolipata kwa Waarabu, ambao kwao ni maandishi ya awali, yaliyotiwa wino mweusi na bado yanangoja kusahihishwa. Kwa hiyo mtu akisema "muswada", neno lenyewe limekwisha kumjulisha kwamba hiyo si sheria bado, na kwamba ungali wasaa wa kufuta na kuandika upya. Hoja ni hujja, yaani neno lenye dalili nyuma yake, si kelele.

Lakini neno nilipendalo kuliko yote ni siwa. Kwa watu wa Pate na Lamu siwa ilikuwa baragumu kubwa, ya Pate ya pembe ya ndovu na ya Lamu ya shaba, iliyopulizwa katika sherehe za wenye enzi na za waungwana. Nazo zimehifadhiwa hadi leo nchini Kenya. Siwa ya Bunge haipulizwi. Ni fimbo ya enzi ambayo Mpambe wa Bunge huitanguliza mbele ya Spika aingiapo ukumbini kwa taadhima, wabunge wote wakiwa wamesimama, kisha Spika husoma dua na kazi huanza. Desturi ya kubeba fimbo ya namna hiyo ilitoka Uingereza, ikaingia kwetu kwa njia ya Baraza la Kutunga Sheria lililoanzishwa mwaka 1926, lakini jina ililopewa ni la pwani yetu, na kwa maoni yangu aliyelichagua alifanya jambo la hekima kubwa.

Baada ya dua Katibu hutaja shughuli kwa zamu: hati za kuwasilisha mezani, maswali na majibu, kisha miswada au hoja za siku. Hayo hayamshindi msikilizaji. Pamshindapo ni penye safari ya muswada wenyewe, ambao kwanza hutangazwa katika Gazeti la Serikali, kisha husomwa kwa mara ya kwanza, na kusomwa huku ni Katibu kutaja jina lake tu, bila mtu kujadili hata nukta. Halafu hupelekwa katika kamati ya kudumu inayohusika, ambako wananchi, wataalamu na vyama huitwa kutoa maoni. Urudipo ukumbini husomwa mara ya pili, na hapo ndipo penye hotuba ndefu na makofi ya mezani, ndipo pia watu wengi wanapofungua redio zao wakidhani kwamba sasa sheria inatungwa. Kumbe hotuba hizo hujadili madhumuni ya jumla; maneno ya sheria yenyewe hukatwa na kuungwa baadaye, Bunge likaapo kama Kamati ya Bunge Zima, kifungu baada ya kifungu.

Ipo alama moja ya kuitambua saa hiyo hata kwa mtu aliye mbali. Spika huondoka katika kiti chake cha juu, akakaa kama mwenyekiti wa kamati, na wabunge waliokuwa wakisema "Mheshimiwa Spika" huanza kusema "Mheshimiwa Mwenyekiti". Ijapokuwa jina hilo huitwa pia wale wenyeviti wanaomsaidia Spika kuongoza vikao, asikiaye mwito umebadilika papo hapo na kusikia vifungu vikitajwa kwa namba, na ajue kwamba hapo neno moja likiongezwa au likiondolewa, laweza kubadili haki ya mkulima au ya mpangaji wa nyumba. Kisha Bunge hurudia, muswada ukasomwa mara ya tatu na kupitishwa, ukapelekwa kwa Rais. Maana Ibara ya 62 ya Katiba ya 1977 yasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na wabunge, na bila ya kibali chake muswada haugeuki kuwa sheria.

Kwa miaka mingi miswada hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, ilhali mjadala ulikuwa wa Kiswahili, hata mbunge akawa anatetea kwa lugha moja maneno yaliyofungwa ndani ya lugha nyingine. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria. Nalihesabu tendo hilo kuwa miongoni mwa mambo makubwa yaliyopata kufanyika katika ukumbi ule tangu ulipofunguliwa mwaka 2006.

Sasa shilingi. Kila wizara huleta makadirio ya fedha zake, na baada ya mjadala Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi kuyapitia mafungu. Miongoni mwa vifungu vya mafungu hayo kimo kile chenye mshahara wa Waziri, na hapo ndipo mbunge huruhusiwa kumwuliza juu ya sera ya wizara nzima, kwani mshahara ni malipo ya kazi, na aulizaye habari za mshahara anauliza habari za kazi. Asiporidhika, hutoa hoja kwamba mshahara huo upunguzwe kwa shilingi moja. Shilingi, basi, ni ya Waziri. Uchache wake ndio hekima yake: haiwapunguzii wananchi dawa wala barabara, wala haiyaangushi makadirio, jambo ambalo lingekuwa zito mno, maana Bunge likikataa bajeti Rais anaweza kulivunja, bali humsimamisha Waziri mbele ya hadhara, wabunge wengine wakaunga mkono au wakapinga, hata atoe ahadi iliyo wazi zaidi ya ile ya kwanza. Ahadi hiyo huandikwa katika Taarifa Rasmi, iitwayo Hansard, ambamo itakaa miaka yote mtu ajapo kuitafuta. Mbunge akikinai husema anarudisha shilingi. Asipokinai, Mwenyekiti huwahoji wabunge, na wanaoafiki husema ndiyo, wasioafiki siyo. Aghalabu hurudishwa. Nami nina jambo moja linaloniuma hapa: muda wa kamati hiyo una kikomo, na ukifika, vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa pamoja bila maulizo, kwa utaratibu uitwao gilotini, na huenda kisima cha kijiji fulani kilikuwa katika hivyo vilivyobaki.

Nilirudi Bahi mwishoni mwa Juni, nikamweleza mzee kama nilivyoeleza hapa, na zaidi ya hapo nikamwambia kwamba kamati za Bunge huyachambua makadirio mwezi wa Machi, kabla ya mkutano wa Aprili kuanza, wakati ambapo mbunge bado ana nafasi ya kulibeba neno la jimbo lake taratibu, bila kukimbizana na saa.

Akanyamaza kitambo. "Basi barua ya kisima tulichelewa," akasema. "Tuliipeleka Mei."

"Naam, babu. Mlichelewa mwaka huu."

Akamwita mjukuu wake alete daftari.