MPIGAJI MMOJA BADALA YA KIKUNDI KIZIMA
Mambo ya kuzingatia kabla ya kumkodi kwa ajili ya harusi



Kila mwaka, shule zifungwapo mwezi wa Julai, familia zetu hapa Uingereza huingia katika pilikapilika za harusi. Ukumbi hutafutwa, mapishi hugawanywa majumbani, sare hushonwa, na baada ya hayo yote huzuka swali moja: nani atapiga? Kukileta kikundi cha taarabu kutoka Unguja au Mombasa kwahitaji viza, tiketi za ndege, malazi na chakula cha watu kumi au zaidi. Kwa sababu hiyo familia nyingi humwita mpigaji mmoja tu, mwenye kinanda chake cha umeme, spika mbili na kipaza sauti, akapiga na kuimba peke yake shughuli nzima.

Wako wanaoliona jambo hili kuwa ni aibu, kana kwamba harusi imepunguzwa thamani. Wako pia waliomwita mtu wa namna hiyo kwa furaha, kisha wakajuta hata kabla chakula hakijapakuliwa. Ukweli ni kwamba mpigaji mmoja aweza kuipa harusi heshima yake, kwa masharti mawili: familia ijue anachokiweza na iandikiane naye, na ile sehemu ambayo mashine haiwezi kuifanya, familia iifanye wenyewe.

Si jambo geni

Mtu mmoja kupiga ala nyingi kwa wakati mmoja ni desturi kongwe. Huko Ulaya, tangu karne ya 13, walikuwako wapigaji walioshika filimbi ya matundu matatu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakapiga ngoma ndogo iliyoning'inia kwenye kiwiko. Mtu huyo mmoja alitosha kuwachezesha watu wa kijiji. Baadaye wakatokea waliobeba ngoma kubwa mgongoni wakiipiga kwa kamba iliyofungwa mguuni. Nchini Marekani, Jesse Fuller, aliyefariki mwaka 1976, alijitengenezea ala ya besi ya kukanyaga kwa mguu ili mikono ibaki na gitaa. Hapa Uingereza, Don Partridge alitoka kupiga peke yake barabarani, na mwaka 1968 nyimbo zake zikaingia miongoni mwa zile zilizouzwa sana nchini.

Hata kwetu pwani, taarabu haikuzaliwa na kundi kubwa. Kweli, Ikhwani Safaa ya Unguja iliyoanzishwa mwaka 1905, na vilabu vilivyoifuata, vilikuja kuwa na safu ndefu za fidla, kanuni, udi, nai, akodiani na dumbaki. Lakini Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, alikuwa na wenzake wachache tu. Kisha katika miaka ya 1990, taarabu ya kisasa ilipoenea, kinanda cha umeme kikachukua nafasi ya ala nyingi, na wapigaji wengi wa fidla na kanuni hawakuitwa tena kwenye shughuli. Basi mwenye kinanda kimoja anayeingia ukumbini kwetu leo hakuzuka ghafla. Amekuja mwishoni mwa safari ndefu.

Hata hivyo tusisahau jambo moja. Wale wenzake Siti, ingawa walikuwa wachache, waliitikiana. Tutalirudia hilo baadaye.

Mmoja, lakini wa namna gani?

Kuna aina mbili za wapigaji hawa, nao hutofautiana sana. Wa kwanza hupiga kweli. Mkono wake wa kulia hufuata sauti ya wimbo, wa kushoto hubonyeza mapatano ya sauti, na kinanda chenyewe huongeza ngoma na besi kwa kumfuata yeye. Mtu huyu akiona bibi harusi amechelewa mlangoni, aweza kuurefusha wimbo. Shangazi akitaka kuimba ubeti mmoja, aweza kuishusha sauti hadi imfae.

Wa pili huja na muziki uliokwisha kurekodiwa, naye huimba juu yake tu, vidole vikipita juu ya kinanda kwa mapambo. Si haramu kumkodi huyu, na bei yake huenda ikawa nafuu. Lakini usimlipe malipo ya yule wa kwanza. Wimbo wake ukianza, haungoji mtu.

Namna ya kuwatambua ni rahisi. Usitosheke na video iliyochaguliwa na kuhaririwa. Mwombe akupigie nyimbo mbili, moja ya zamani na moja ya sasa, kisha katikati mwambie apunguze mwendo au apandishe sauti. Anayepiga kweli atatabasamu na kufanya hivyo.

Iwapo wazee wenu wanapenda taarabu ya kale, muulizeni pia juu ya robo toni. Nyimbo zinazofuata maqamu za Kiarabu kama rasti na bayati hupita kwenye sauti ambazo vinanda vya kawaida havina. Vipo vinanda vilivyotengenezwa kwa muziki wa Mashariki, ambavyo mpigaji huweza kuishusha sauti moja kwa robo. Asiyekuwa nacho ataupiga wimbo, lakini mzee aliyekua na udi masikioni mwake atajua papo hapo kwamba kuna kitu kimepotea.

Ukumbi na saa zake

Kumbi nyingi za hapa zina kidhibiti sauti ukutani, chenye taa za kijani hadi nyekundu. Kelele zikizidi kiwango kwa muda, chombo hicho hukata umeme wa jukwaani. Kinanda huzimika katikati ya ubeti, na mpigaji hulazimika kukiwasha na kukipanga upya. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba chombo hicho hakibagui. Vigelegele vya akina mama hamsini vyaweza kuiwasha taa nyekundu sawasawa na spika. Kabla ya kulipia ukumbi, ulizeni kama kipo, kiwango chake ni kipi, na mwambieni mpigaji mapema.

Ama kuhusu saa, katikati ya Julai jua la London huzama baada ya saa 3 usiku, na kumbi nyingi hutaka muziki ukome saa 5. Maghribi basi huangukia katikati ya shughuli. Familia isiyopanga hujikuta ikizima muziki kwa fadhaa, au, jambo baya zaidi, ikiacha muziki uendelee huku wengine wanasali pembeni. Andikeni wazi kwamba kutoka saa 3 kutakuwa na mapumziko ya nusu saa. Mpigaji atakula wakati huo, na wanaosali watasali kwa utulivu.

Kadhalika, tujue kwamba familia zetu hazina msimamo mmoja kuhusu ala za muziki. Wanazuoni wamehitilafiana, wengi wao wameliruhusu dufu katika harusi, na wengine wanakataza ala nyinginezo. Katika ukoo mmoja mtawakuta wenye rai zote mbili. Njia ya amani ni kuitenga akdi na taarabu, kwa wakati na kwa mahali, na kadi iliyotumwa ieleze hivyo ili kila mgeni achague aje lini bila ya kumkwaza mwenyeji.

Sitara ya ukumbi wa wanawake

Kikundi cha wanawake watupu kikiwapo, suala hili halizuki. Mpigaji mmoja mwanamume akiingia katika ukumbi ambao wageni wamevua mabuibui yao, suala ni kubwa. Familia nyingine humweka nyuma ya pazia. Nyingine humkalisha upande wa wanaume na kuvuta waya hadi kwenye spika za upande wa pili. Njia hii ya pili husalimisha sitara, lakini mpigaji haoni kinachotokea. Basi mpeni kijana wa kike mwenye simu, awe ndiye macho yake: amwarifu bibi harusi anapoingia, na lini akome.

Aidha, iandikwe katika mapatano kwamba mpigaji hatapiga picha wala video, na hatatia chochote cha shughuli yenu mitandaoni kwa ajili ya kujitangaza. Mgeni aliyekuja kwa kuiamini sitara yenu hastahili kujiona kesho yake katika simu za watu asiowajua.

Yaandikwe

Sisi ni watu wa kuaminiana kwa maneno, na mpigaji mara nyingi ni mtoto wa mtu tunayemjua. Lakini ugomvi mwingi huanzia hapo hapo. Karatasi moja yatosha, ikitaja haya:

1. Tarehe, mahali, saa ya kufika na saa ya kuanza. Kufunga vyombo na kujaribu sauti kwahitaji saa nzima au zaidi.
2. Bei kamili, arbuni iliyotolewa, na hukumu ya arbuni hiyo iwapo upande mmoja utavunja ahadi.
3. Nani atakuja badala yake akiugua. Kikundi kikipungukiwa na mtu mmoja hupiga. Huyu akiugua, hakuna kilichobaki.
4. Bima ya madhara kwa wageni, na uthibitisho kwamba vyombo vyake vya umeme vimekaguliwa. Baadhi ya kumbi haziruhusu mtu kuchomeka waya bila ya karatasi hizo. Chama cha wanamuziki cha Musicians' Union huwapa wanachama wake bima ya namna hiyo.
5. Tunzo. Fedha anazotunzwa mwimbaji na wageni ni zake juu ya malipo, au zimehesabiwa ndani yake?
6. Nyimbo zinazotakiwa na zisizotakiwa. Wimbo wa mafumbo ukipigwa mahali ambapo wake wenza au mawifi wawili hawasemezani, harusi huweza kugeuka uwanja wa vita, na mpigaji asiyewajua watu wenu hana lawama.

Sehemu isiyokodiwa

Sasa turudi kwa wenzake Siti. Kinanda cha leo chaweza kuiga fidla ishirini, lakini hakiwezi kuitikia. Taarabu, vugo, lelemama na hata dufu vimejengwa juu ya mtu kutoa na watu kupokea. Kikundi huja na waitikiaji wake. Mpigaji mmoja huja na nafsi yake. Hapo ndipo harusi nyingi za huku ugenini hupoa: mtu anaimba mbele, wageni mia mbili wamekaa kimya kama watazamaji wa televisheni, na watoto waliozaliwa hapa hawajui hata ni wakati gani wa kupiga makofi.

Dawa yake haiuzwi, wala haina gharama. Wiki mbili kabla ya shughuli, wakusanyeni shangazi wawili au watatu wanaozijua nyimbo, pamoja na wasichana na wavulana wa ukoo. Chagueni nyimbo nne tu. Viitikio viandikwe katika karatasi, vitolewe nakala, na kila mmoja apewe yake. Watoto waelezwe na maana, kwa kuwa fumbo lisiloeleweka haliimbiki kwa moyo. Mpigaji atumiwe nyimbo hizo mapema ili azipange katika sauti inayowafaa. Usiku wa harusi waitikiaji hao wakae mbele, karibu na spika, wenye dufu wakiwa na madufu yao.

Mtakaloliona ni kwamba mtu mmoja amekuwa kikundi, na kikundi chenyewe ni nyinyi. Bibi harusi ataingia kwa sauti za watu wake, si kwa sauti ya mashine. Na yule mtoto wa miaka tisa aliyekwisha kukihifadhi kiitikio atakwenda nacho maisha yake yote, hata baada ya mpigaji kulipwa, kukunja waya zake na kwenda zake.

Mwenyezi Mungu azijaalie harusi zetu zote ziwe za kheri na baraka. Amin.