Uzio, Kizimba na Wajibu: Ni Lini Inafaa Kumfungia Mnyamapori?

Kaunti ya Nakuru haina bahari, na wakazi wengi hawajawahi kumwona pomboo. Hata hivyo, mjadala unaoendelea duniani kuhusu pomboo wanaofungiwa katika vidimbwi vya maonyesho unagusa jambo ambalo wakazi wa hapa wanaishi nalo kila siku: je, ni haki kumfungia mnyamapori?

Baharini, pomboo huogelea kilomita nyingi kwa siku, huwinda samaki na huishi kwa makundi. Kidimbwini huzunguka palepale na kulishwa samaki waliokufa ili afanye michezo mbele ya watazamaji. India ilipiga marufuku vidimbwi vya aina hiyo mwaka wa 2013. Hapa Kenya, wanaotaka kuwaona pomboo huenda kwa mashua Watamu au Kisite-Mpunguti, na pomboo hubaki huru kwenda zake.

Uzio wa Ziwa Nakuru

Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, yenye ukubwa wa takriban kilomita 188 mraba, imezungukwa na uzio wa stima. Uzio huo uliwekwa katika miaka ya 1980, wakati majangili walikuwa karibu kuwamaliza vifaru. Mwaka wa 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamesalia chini ya 400. Uzio huo pia huwazuia nyati na simba kuingia katika mashamba na mitaa inayopakana na mbuga.

Kwa hivyo, kufungia si kosa kila mara. Jambo la kwanza la kuuliza ni sababu. Pomboo wa maonyesho hufungiwa kwa faida ya mwenye kidimbwi. Kifaru amewekewa uzio ili asiuawe.

Lakini nia njema pekee haitoshi. Mnyama aliye ndani ya uzio hawezi kuhama malisho yakipungua, wala kutafuta mwenzi katika kundi la mbali. Maji ya Ziwa Nakuru yalipoanza kupanda takriban mwaka wa 2010, yalifunika lango kuu la mbuga na sehemu ya malisho. Wanyama hawakuwa na kwingine pa kwenda. Anayeweka uzio hujitwika kazi ya kuwatafutia nafasi, chakula na maji.

Mafunzo mawili

Mwaka wa 2018, vifaru weusi 11 walihamishwa kutoka mbuga za Nairobi na Ziwa Nakuru hadi Tsavo Mashariki. Wote walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba maji waliyopewa huko yalikuwa na chumvi nyingi. Kifaru aliye huru angeweza kutafuta maji kwingine. Aliyefungiwa zizini hunywa yale aliyowekewa.

Katika Ziwa Baringo mambo yaliishia vizuri. Twiga waliopelekwa Longicharo mwaka wa 2011 walijikuta wamezingirwa na maji yaliyokuwa yakipanda, na chakula kikapungua. Walinzi kutoka jamii za Wailchamus na Wapokot waliwapelekea chakula kwa mashua. Kisha chelezo cha chuma kilitengenezwa, na kuanzia Desemba 2020 twiga wakavushwa. Wa mwisho kati ya tisa alifika nchi kavu Aprili 2021.

Mkazi anahusika vipi?

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 hairuhusu mtu kumfuga mnyamapori bila kibali. Hii ni pamoja na kobe, tumbili na korongo taji, hata akiwa amelelewa nyumbani tangu utotoni. Ulinzi wa wanyamapori ni jukumu la serikali ya kitaifa kupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Katiba nayo imezipa kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama.

Wakazi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

• Ukimpata mtoto wa swara peke yake nyasini, usimchukue. Mara nyingi mama yake amemficha na atarudi kumnyonyesha.

• Ukimpata mnyama aliyejeruhiwa, usimfunge kamba wala kumlisha. Mweleze chifu au ofisi ya KWS iliyo karibu, na uwaweke watoto na mbwa mbali.

• Usinunue mnyama wala ndege wa porini kando ya barabara, hata kwa kumhurumia. Anayeuza akipata mnunuzi, kesho atarudi porini kumkamata mwingine.

• Ukiona uzio wa mbuga umekatwa au umeanguka, toa habari mara moja. Pengo moja linahatarisha wanyama walio ndani na familia zilizo nje.

Kabla ya mnyamapori yeyote kufungiwa, iwe ni mbugani au kizimbani, maswali ni matatu: anafungiwa kwa faida ya nani, atapata mahitaji yake yote, na nani atawajibika asipoyapata? Pasipo majibu, mahali pake ni porini.