Kuganda kwa Damu Katika Malaria Kali

Mchuuzi wa mitumba wa Gikomba aendaye Busia au Kisumu kibiashara huweza kurejea na malaria, maradhi yasiyoenea kwa urahisi Nairobi, mji ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Malaria hiyo ikiwa kali, damu yake hujipinga yenyewe: huganda pasipohitajika, ilhali chembe sahani, ambazo kazi yake ni kuziba majeraha, hupungua.

Neno 'kuganda' hapa laweza kutupotosha. Twalizoea kwa samli na uji, vitu vinavyotulia. Damu hii haitulii. Chembe nyekundu zilizovamiwa na vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo. Mwaka 2013, watafiti waliochunguza vimelea vya watoto wa Tanzania walibainisha kwamba baadhi hushika kipokezi kinachosaidia kuzuia mgando. Kipokezi kikizibwa, mabonge huweza kujitunga, hata ubongoni.

Hata hivyo, dawa za kuzuia mgando hazipendekezwi, maana zaweza kumvujisha mgonjwa damu. Vimelea ndivyo vya kuuawa, na hapa sindano ya artesuneti imeishinda kwinini. Ama aspirini inunuliwayo dukani kwa ajili ya homa, hiyo huzilemaza chembe sahani zizo hizo zilizokwisha kupungua.