Sambusa Kumi na Mbili

Nilikuwa na miaka tisa au kumi nilipotumwa barazani na sinia la sambusa 12 chini ya kawa. Ilikuwa Ramadhani, mtaani kwetu Ng'ambo, mjini Unguja. Mama alikuwa amepata nyama nzuri siku hiyo, akapiga hesabu yake: barazani hukaa wanaume sita, kila mmoja mbili. Jioni ile wakakaa 11. Wawili walikuwa wapita njia waliokutwa na adhana mbele ya msikiti, mmoja mwenye gari la ng'ombe aliyemfunga mnyama wake kwenye mwembe, na wengine wawili sijui walitokea wapi. Kila mtu akachukua moja. Ikabaki moja katikati ya sinia, na hakuna aliyeigusa. Walikula mihogo pembeni yake, wakala magimbi, wakanywa uji, nayo imekaa pale pale mpaka wakainuka kwenda kusali. Nikairudisha nyumbani. Mama alipofunua kawa akaiona, hakuuliza kitu. Kesho yake alipika mihogo.

Watu wa pwani wana majina kadhaa ya kula pamoja, na kila jina lina hesabu yake. Kikoa ni zamu: leo kwangu, kesho kwako, na anayeruka zamu anajulikana. Kula bia ni kuchanga: kila mtu anatoa fungu lake, kinapikwa chungu kimoja. Futari ya barazani si kikoa wala si bia. Hakuna aliyeandika zamu, hakuna anayekusanya fedha, na hakuna anayejua watakaa wangapi. Kila nyumba inatoa sinia lake muda mfupi kabla ya magharibi, jamvi linatandikwa, birika la kunawia linapita, na yeyote anayekatiza hapo anaitwa: "Karibu futari!" Siku za kawaida ukikaribishwa chakula unaweza kujibu "Starehe" ukaendelea na safari yako. Jioni ya Ramadhani jibu hilo halikupitishi. Utashikwa mkono.

Ndiyo maana chakula cha barazani kinafaa kiwe kile kisichohesabika. Mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi, shelisheli, kunde, uji wa pilipili manga: wakija watano zaidi, matonge yanakuwa madogo kidogo tu, na hakuna anayejua nani kapunjwa. Mtume alimwusia Abu Dharr kwamba anapopika mchuzi azidishe maji, awakumbuke majirani. Mchuzi huzidishwa maji. Sambusa haizidishwi kitu. Sisemi sambusa, kachori na katlesi hazina mahali. Mahali pake ni ndani, kwenye sahani ya wageni unaowajua kwa idadi, au barazani kama umekaanga za kutosha msikiti mzima.

Kuna mengine ambayo mpishi huyapima kabla ya kuwasha moto. Tui liwe zito, lishike kwenye muhogo, kwa sababu mbebaji ni mtoto na njia ina mashimo. Kasimile hutiwa mwishoni na chungu huachwa kitulie. Pilipili iwe ya kiasi, maana matumbo yameshinda matupu na wazee wamo. Chumvi ni bahati. Mpishi mwenyewe amefunga, na kama ataonja basi ni kwa ncha ya ulimi kisha atatema. Kwa hiyo barazani chumvi haizungumzwi. Niliwahi kumwona mzee mmoja akila kunde zilizotiwa chumvi mara mbili, bila shaka na mama na binti yake kila mmoja kwa wakati wake, akawa anashushia kwa maji, kikombe baada ya kikombe, huku akiuliza habari za bei ya karafuu.

Mwenye sinia naye hasemi kuwa ni lake. Huketi kwenye sinia la mwenzake, hula cha mbele yake, na hachungulii kuona chake kimeliwa vipi. Kawa lenyewe linamsema, kwa kuwa kila nyumba ina rangi zake za ukindu, lakini hilo ni siri inayojulikana na wote.

Upande wa wanawake siri hiyo haipo. Huko sahani zinapita uani na kila nyumba ina sifa yake. Kwetu tulijulikana kwa uji. Nyumba ya pili yake ilikuwa ya mkate wa kumimina, ule wa mchele uliorowekwa ukasagwa na tui, ukatiwa hamira, iliki na sukari, ukaokwa kwa moto wa juu na chini hadi ukawa na vitundu vitundu kama sega la asali. Mama alijua kuupika, na wake ulikuwa mzuri. Katika miaka yote niliyoishi kwake hakuupeleka kwa jirani yule hata siku moja. Kumpelekea mtu chakula anachosifiwa nacho ni kumwambia ajiangalie.

Vivyo hivyo na chakula cha fahari. Mwenye duka mmoja alihamia mtaani na katika kumi la kwanza la mwezi akatoa biriani barazani siku tatu mfululizo. Watu walikula, nani atakataa biriani? Siku ya nne masinia yalipungua. Wanawake waliokuwa wakitoa magimbi waliona haya kuyaweka kando ya nyama. Hakuna aliyemkanya yule bwana mbele za watu. Bibi mmoja alimwendea mkewe, akamwomba amfundishe biriani hilo kwa ajili ya Sikukuu, akalitaja neno Sikukuu mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Jioni iliyofuata dukani kulipikwa maharage.

Sahani ya jirani hairudi tupu, hilo kila mtoto wa pwani analijua. Lisilosemwa sana ni kwamba hairudi upesi wala nzito. Ukijibu sambusa kwa kuku jioni ile ile, umelipa deni. Jirani atadhani umechoka naye. Siku ambazo hatukuwa na kitu, mama alitia ndimu mbili au sukari kwenye kikombe. Mtume aliwausia wanawake wasidharau kitu cha jirani hata kikiwa ukwato wa kondoo, na nadhani ndimu zetu zilipitia kwenye mlango huo huo.

Mwezi nao una sauti katika kuchagua. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au 11 kila mwaka na huzunguka misimu yote kwa miaka kama 33. Mwaka 2030 itaanza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Desemba. Ikiangukia kusi, bahari inachafuka, ngalawa zinakaa pwani na samaki wa kutia kwenye mihogo anakuwa wa taabu. Watu hugeukia ng'onda. Ikiangukia masika, jamvi huhamia varanda ya msikiti.

Siku hizi nafanya kazi Dar es Salaam, na ofisini tuna futari yetu moja kila mwaka. Orodha hupitishwa kwenye simu: jina, idadi, unaleta nini. Ni utaratibu mzuri, ila nusu ya watu huandika soda. Mwaka jana nilitaka kuandika sambusa. Nilimpigia mama kumuuliza nikaange ngapi, nikamwambia tumejiorodhesha watu 32. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mlinzi wa getini naye yumo.

Hakuwemo. Nilipita sokoni nikanunua mihogo mafungu manne na nazi tano.